Jembe la Kwanza

Stendi nzima ya Same ilimwita Ernesta mkono wa birika. Nataka kuliweka sawa jambo hilo mapema, maana waliomwita hivyo ni walewale waliokuwa wakimkopa makande asubuhi na kumkwepa jioni. Ernesta hakuwa bahili. Alikuwa mwanamke aliyewahi kutolewa nje na godoro lake, na mtu wa namna hiyo akishika shilingi huishika kwelikweli.

Ilikuwa hivi. Mume wake, fundi seremala, alimwoa akampeleka kwao Ugweno, wakakaa miaka tisa katika nyumba ya ukoo bila kupata mtoto. Mume akafa kwa ajali ya bodaboda. Matanga hayajaanuliwa, watu bado wanakunywa chai ya msiba, shemeji yake Gregori akasimama uani akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Shemeji, tusidanganyane. Hapa umekaa miaka tisa unapika tu. Nionyeshe hata shina moja ulilolipanda kwa jembe lako mwenyewe."

Jamani! Kuna maneno mtu mzima hamwambii mjane. Ernesta akaitazama ile migomba, akaitazama ile kahawa, na lilikuwa kweli. Mumewe hakutaka ashike jembe. Alikuwa akisema mke wa fundi hachafuki mikono. Ulikuwa upendo ule, na siku ile ndio uliomponza. Akaambiwa atoke, akatoka.

Akaenda kwao Mhezi, kwa mama yake Honorata, mjane kama yeye. Mama hakuwa na mtoto mwingine aliye hai. Walikaa jikoni, mama anachambua maharage, binti anasimulia huku kamasi zinamtoka. Alipofika kwenye maneno ya Gregori, mama akasimamisha vidole.

"Rudia hapo."

Ernesta akarudia.

"Alisema kwa jembe lako mwenyewe?"

"Ndiyo, mama. Mbele za watu."

Mama akaendelea kuchambua maharage yake.

"Kaa hapa na mimi," akamwambia siku ya tatu. "Hapa ni kwenu."

"Hapana, mama. Hapa nako ni kupewa. Kesho baba mdogo atakuja na maneno yake. Mimi nataka pangu, nilipopanunua kwa hela yangu, pasipo na binadamu wa kuniambia toka." Kesho yake alishuka Same na sufuria moja kubwa aliyopewa na mama huyohuyo, na hilo hakuliona kuwa ni kupewa.

Kwa hiyo msimwite bahili. Aliamka saa tisa usiku kuchochea moto, maana makande ya Mpare hayana haraka, mahindi lazima yaive mpaka yakubali. Saa kumi na mbili alikuwa ameshafungua banda lake pembeni mwa stendi. Jioni, kabla hajanunua hata sabuni, aliweka kando elfu tano. Kila siku elfu tano. Akiumwa, elfu tano. Siku hakuna abiria, anakula ukoko, elfu tano iko palepale. Aliandika kwenye daftari lenye jalada la bluu, na kila Jumamosi alipeleka kwenye kikoba chao cha wanawake ishirini na wanne, wakafungia ndani ya sanduku la kufuli tatu. Ufunguo mmoja ulikaa kwa rafiki yake Sumaiya, muuza mitumba wa banda la pili, mtu wa kucheka hata na nzi.

Na alikuwa na mahali pa kuipeleka hela hiyo. Mzee Sadock, mstaafu wa reli, alikuwa na kiwanja ng'ambo ya reli, ishirini kwa ishirini, udongo mwekundu na miiba. Milioni nne na nusu, kwa awamu tatu, kila Desemba kikoba kinapovunjwa. Waliandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mzee Sadock alikuwa mpole lakini hakuwa mjinga. Karatasi ilisema awamu ya mwisho ikipita Krismasi bila kulipwa, kiwanja kinarudi kwa mwenyewe na nusu ya kilicholipwa kinapotea. Ernesta aliisoma mara mbili, akatia saini.

Awamu mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Mwaka wa tatu ndio ukaja na mambo yake. Mafuta ya gari yakapanda, nauli zikapanda, abiria wakapungua. Maharage yakapanda mpaka ukiyatia kwenye sufuria unayahesabu. Katikati ya mwaka wakaambiwa mabanda ya stendi yatahamishwa, kisha wakaambiwa hayahamishwi, kisha wakaambiwa wasubiri watatangaziwa. Mtu unajenga maisha juu ya "subiri mtatangaziwa"! Wanawake sita wakajitoa kwenye kikoba. Hata Sumaiya akatikisika.

"Dada Ernesta, mwaka huu tupumue kidogo. Tuweke elfu mbili mbili."

"Pumua wewe. Mimi nitapumulia kwenye kiwanja changu."

"Utapumulia kaburini," Sumaiya akamjibu, wote wawili wakacheka.

Ernesta akafunga mkanda. Akaacha chai ya maziwa. Akaacha kusuka nywele. Na akaacha kupanda Mhezi. Hilo la mwisho hakuliandika kwenye daftari, lakini lilimletea hela kuliko mengine yote. Nauli ya kupanda na kushuka, siku mbili za banda kufungwa, sukari na mafuta ya kumpelekea mama, jumla yake haikuwa chini ya elfu arobaini. Akituma elfu kumi kwa simu, anaokoa thelathini. Hesabu rahisi. Mtoto wa darasa la pili anaijua.

Mama alikuwa na kitochi chake, na kila Jumapili akitoka misa alipiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unakuja lini?"

"Kuna shida gani, mama?"

"Hakuna shida. Njoo tu uone."

"Nione nini? Bati limetoboka?"

"Wewe njoo uone."

Ernesta aliijua lugha ya wazee. Mzee akisema njoo uone, basi ukuta umeanguka na anaona haya kuomba hela. Kwa hiyo akatuma elfu kumi. Jumapili nyingine mama anashukuru, kisha anasema tena, njoo uone. Mwezi ukiisha Ernesta anatuma nyingine. Ikaenda hivyo tangu mwanzo wa mwaka. Mwezi wa tisa mama alimpigia hata siku ya kazi, tena kwa sauti ya furaha, "Ernesta, njoo wiki hii, usikose!" Siku hiyo mkaa ulikuwa umepanda bei na Ernesta alikuwa na hasira zake. Akamjibu mama vibaya. Akasema, "Mama, mimi huku nahangaika, wewe unaniita kuja kuangalia nini?" Mama akasema haya, mwanangu, pole na kazi.

Mwezi wa kumi na moja mvua za vuli zilishuka milimani kama zimetumwa. Mama akapiga.

"Mvua ni kubwa, mwanangu. Ungekuja sasa."

"Mama, kikoba tunavunja tarehe kumi na tano Desemba. Tarehe kumi na sita, asubuhi na mapema, napanda gari. Nakuapia."

Mvua ilisikika ikipiga bati upande wa pili wa simu.

"Tarehe kumi na sita?"

"Kumi na sita."

"Haya. Nitajitahidi mpaka tarehe kumi na sita."

Ernesta akashangaa kidogo, kujitahidi nini tena? Lakini mteja alikuwa anagonga sahani, akakata simu.

Tarehe mbili Desemba, saa nne asubuhi, simu ikaita, namba ya mama. Ernesta akapokea akiwa na upawa mkononi. Haikuwa sauti ya mama. Alikuwa ni Evaline, jirani, mke wa mwalimu, na alikuwa analia.

Siku hiyo aliacha sufuria imejaa na banda wazi. Sumaiya ndiye aliyelifunga, akachukua hela ya mfuko wa jamii wa kikoba, akajifunga khanga mbili, akapanda naye. Gari lilikwama mara tatu kwenye matope. Abiria walishuka, wakasukuma, wakapanda. Njia nzima Ernesta hakulia. Alikuwa akirudia moyoni, kumi na sita, kumi na sita, ni siku kumi na nne tu, mama, siku kumi na nne zilikushinda?

Walimzika kesho yake, padri akiharakisha kwa sababu ya mawingu. Ernesta alitupa udongo, akarudi nyumbani akitembea vizuri. Akaukagua ukuta wa nyumba. Haukuanguka. Akatazama bati. Halikutoboka. Ndipo akamgeukia Evaline aliyekuwa anaosha vikombe vya msiba.

"Dada Evaline, mama alikuwa ananiita nije kuona nini?"

Evaline akaacha vikombe.

"Hukujua? Mungu wangu. Hukujua kabisa?"

"Niambie."

"Njoo," Evaline akasema. Neno lilelile.

Wakashuka nyuma ya nyumba, wakapita migomba, mpaka kwenye kile kishamba cha mama mwenyewe chini ya mteremko, ambacho Ernesta alikijua tangu utoto kuwa ni cha magimbi na majani. Hapakuwa na magimbi. Kulikuwa na matuta, tuta baada ya tuta, yamepangwa kwa kamba, na juu yake mabua ya tangawizi yaliyokauka na kulala chini. Robo ekari nzima.

"Ni yako," Evaline akasema. "Aliuza mbuzi wake wawili, akaongezea hela uliyokuwa unamtumia, kila ikiingia elfu kumi anakimbilia mbegu au anamlipa mtu wa palizi. Hakuila hata moja. Alisema, Ernesta ananitumia hela ya kiwanja chake bila kujua."

Ernesta akashika mgomba uliokuwa karibu.

"Mwezi wa tisa bei ilipanda, kilo elfu nne, walanguzi wanagombana barabarani. Shamba lilikuwa limeiva. Tulimwambia, Mama Honorata, tupulize baragumu, tuje wote kwa msaragambo, siku moja tu tunalimaliza. Maana huku ndivyo tunavyosaidiana, unajua. Akakataa. Tukamwomba. Mwenyekiti wa kitongoji akaja kumwomba. Akasema hapana, jembe la kwanza anapiga Ernesta mwenyewe. Akishapiga yeye, ndipo na nyinyi mje."

"Kwa nini?" Ernesta akauliza. "Kwa nini hakuchimba tu?"

"Ndivyo na mimi nilimuuliza. Akaniambia, mwanangu walimtukana mbele za watu kuwa hana shina alilolilima kwa jembe lake. Nikichimba mimi, nitampa hela, na hela ya kupewa hataitaka, namjua. Akichimba mwenyewe, hakuna atakayesema alipewa. Alikununulia na jembe. Liko kule jikoni, juu ya dari, halijaguswa."

"Angeniambia! Angenieleza kwenye simu!"

Evaline akainamisha kichwa. "Alitaka uone. Alisema ukiambiwa kwenye simu utapiga hesabu ya nauli."

Hapo ndipo Ernesta alipokaa chini kwenye matope na gauni lake jeusi, na kilio kilichotoka hakikuwa cha msiba wa kawaida. Sumaiya, aliyekuwa amewafuata kimya, alitaka kumwinua. Evaline akamzuia.

Mengine aliambiwa palepale, maana aliyataka yote. Mvua ilipozidi, maji yalianza kusimama kwenye matuta, na tangawizi ikikaa kwenye maji huoza. Mama mwenye miaka sabini na mbili alikuwa akitoka kila siku na kipande cha khanga kichwani, anachimba mifereji ya kutoa maji, ili zifike tarehe kumi na sita. Watu wakamrudisha ndani, wakiondoka anatoka tena. Homa ikampanda kifuani. Zahanati walimpa dawa, wakamwambia alale. Akalala siku moja. Alipozidiwa, Evaline alitaka kumpigia simu Ernesta, mama akamshika mkono akasema asimsumbue, yuko kwenye hesabu zake za mwisho, akivunja huo mpango sasa atapoteza kiwanja.

"Kwa hiyo alijua tarehe ya kiwanja," Ernesta akasema.

"Alizijua tarehe zako zote."

Asubuhi iliyofuata baragumu lililia Mhezi. Ernesta alipanda kwenye dari ya jikoni akalitoa lile jembe, mpini mpya, bado lina karatasi ya dukani kwenye chuma. Watu wakajipanga pembeni ya shamba na majembe yao, kina mama kwa kina baba. Wakamsubiri. Akapiga jembe la kwanza.

Udongo ulifunguka na harufu ikatoka. Kila mtu pale aliijua harufu ile. Akainua shina, na lilikuwa uji, la kahawia, linachuruzika maji vidoleni. Akapiga la pili. Uji. La tatu. Wakaingia wote, wakachimba tuta baada ya tuta, na mzee mmoja akawa anasema pole, pole mwanangu, kila akiinua shina, mpaka mkewe akamwambia anyamaze. Mchana walikuwa wamemaliza. Kwenye tuta la juu kabisa, pale mama alipokuwa amemaliza kuchimba mfereji, zilikuwepo nzima. Zikajaa ndoo moja.

"Zina bei bado," Evaline akasema. "Ama uziache, nikupandie."

"Nitazichukua," Ernesta akajibu.

Akashuka Same. Tarehe kumi na tano kikoba kikavunjwa, kufuli tatu zikafunguliwa, na Ernesta akahesabiwa fungu lake. Hakuna aliyekuwa na fungu kubwa kuliko yeye. Wale waliozoea kumcheka safari hii wakapiga vigelegele. Alasiri hiyohiyo alimlipa Mzee Sadock mbele ya mwenyekiti wa mtaa, siku kumi kabla ya Krismasi. Mzee Sadock akampa mkono.

"Hongera, mama. Mwaka kama huu, na umefika. Wengi wameniachia njiani. Sasa uko kwako, hakuna wa kukuambia toka."

"Asante, baba," Ernesta akasema. Alikuwa amelisubiri neno hilo kwa miaka, na lilipokuja lilipita tu.

Tarehe kumi na sita, asubuhi na mapema, hakufungua banda. Sumaiya alimtafuta, mwisho akavuka reli, akamkuta kiwanjani peke yake na lile jembe. Alikuwa ameng'oa miiba, amepiga tuta moja kwa kamba, na anafukia tangawizi kutoka kwenye ndoo, moja moja. Pembeni yalikuwapo madumu manne ya maji ya kununua, na kijana wa mkokoteni alikuwa anamsubiri amlipe.

Jua la Same lilikuwa limeshaanza kuuma. Sumaiya akachungulia ndani ya ndoo. Alizaliwa tambarare, hajawahi kulima tangawizi, lakini hata yeye alijua.

"Dada," akasema polepole, "huku haioti."

"Najua."

"Itakauka wiki hii hii. Na maji haya shilingi ngapi?"

"Mia tano dumu."

"Kila siku?"

"Kila siku, asubuhi na jioni."

Sumaiya akatafuta kwa macho lile daftari la bluu. Lilikuwa juu ya jiwe, limefungwa, na kalamu haikuwepo. Akavua viatu, akachukua dumu moja. Ernesta akapiga magoti, akatengeneza udongo kwa viganja kuzunguka kila kipande, akimwagia maji kidogo kidogo, yanazama palepale, anamwagia tena, na kila akimaliza kimoja alikuwa akisema, "Nimekuja, mama. Nimekuja."